Kusikia Kabla ya Kujibu

Msimu wa pamba mkoani Simiyu una maswali yake, na kila swali lina mwezi wake. Septemba watu huulizana kama masalia yote yameng'olewa na kuchomwa, maana mwisho ni tarehe 15. Novemba mvua zikikaribia, swali ni mbegu: zimeshafika chamani? Kilo ngapi kwa ekari? Tunapanda kwa nafasi ya zamani au hii ya sentimita 60 kwa 30? Mwaka ukigeuka yanaingia ya wadudu: majani yanajikunja, vitumba vinatobolewa, dawa ipi, chupa ngapi. Mizani ikifunguliwa kuanzia Mei, mkoa mzima hubakiwa na mawili tu, bei na malipo. Na kwa miaka mingi maswali hayo yamekuwa yakiishia kwenye simu ya mtu mmoja, katibu wa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika wa mazao) au bwana shamba wa kata, ambaye naye ana shamba lake, wagonjwa wake na usingizi wake.

Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yakawekwa Bariadi, na leo una wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Sensa ya 2022 ilihesabu humo zaidi ya watu milioni mbili, na ndio mkoa unaoongoza nchini kwa pamba. Ukiweka wingi huo wa wakulima upande mmoja na simu ya katibu upande wa pili, unaelewa kwa nini wazo la chatiboti linavutia: namba moja ya WhatsApp inayopokea swali saa yoyote na kujibu papo hapo.

Wazo lenyewe linaonekana jepesi. Orodhesha maswali, andika majibu, unganisha, kazi kwisha. Wengi hudhani ufundi wote uko kwenye majibu. Ukikaa karibu na wanaoifanya kazi hii vizuri, unaona kinyume chake: sehemu ndogo ya muda wao wanaifundisha mashine kusema, na sehemu kubwa wanaifundisha kusikia. Huo ndio ufundi ninaotaka kuusifu hapa, na haufai kusifiwa kwa haraka. Basi tuchukue kazi moja ya kufikirika, chama cha msingi cha wakulima wa pamba pale Bariadi kinachotaka namba ya kujibu wanachama wake, tumfuate fundi hatua kwa hatua.

Kwanza anashughulikia mlango. Mei 2022 kampuni ya Meta, inayomiliki WhatsApp, ilifungua kwa biashara zote Cloud API, njia ya programu kutuma na kupokea ujumbe wa WhatsApp. Kabla ya hapo ilibidi kupitia kampuni za kati zilizoidhinishwa, au kuendesha mitambo yako mwenyewe. Mlango ulipofunguka, vijana wa Neurotech Africa ya Dar es Salaam wakatoa heyoo, maktaba ya Python iliyo wazi kwa yeyote, inayofupisha kazi ya kutuma ujumbe wa WhatsApp kuwa mistari michache ya msimbo. Ni haohao waliojenga Sarufi, jukwaa lililomwezesha mtu kuorodhesha nia za msemaji na mtiririko wa mazungumzo, kwa Kiswahili kama apendavyo. Kwa hiyo fundi wa Bariadi haanzi porini. Zana zipo, na baadhi zimechongwa nyumbani.

Anafungua akaunti, anasajili programu, anapewa namba ya majaribio inayoweza kutuma kwa wapokeaji watano tu, pamoja na tokeni ya muda, yaani ufunguo wa kuingilia, inayokufa baada ya saa 24. Hapo pana mtego ambao umewaumbua wengi: leo chatiboti inajibu mbele ya kamati nzima watu wakapiga makofi, kesho asubuhi imenyamaza kabisa. Fundi mzoefu hutengeneza tokeni ya kudumu kabla hajamwonyesha mtu chochote. Kisha hununua laini mpya kwa kazi hiyo pekee, ili simu ya katibu ibaki ya katibu.

Halafu inakuja webuhuku. Jina ni gumu lakini jambo lenyewe linaeleweka: ni anwani ya seva yako ambako WhatsApp itapeleka kila ujumbe unaoingia. Kabla ya kuiamini, Meta inabisha hodi. Inatuma neno la siri mlilokubaliana, pamoja na namba iliyochaguliwa ovyo. Seva ikilitambua neno hilo inaitikia kwa kuirudisha namba ileile bila kuibadilisha, na mlango unahesabiwa kuwa wa kweli. Anwani isiyo na cheti halali cha usalama haipokelewi. Kuanzia hapo kila ujumbe unafika na sahihi iliyokokotolewa kwa siri ya programu, na fundi makini huikagua kila mara, hata kama chatiboti ingefanya kazi bila kukagua. Katika nchi ambayo kila mwenye simu ameshapata meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii", hana haja ya kueleza kwa nini. Mtu akiijua anwani ya seva anaweza kuitumia maneno ya uongo kwa jina la mkulima yeyote. Sahihi ndiyo inayomkataa.

Kinachopita mlangoni nacho hakiji peke yake. Njia ileile inayoleta maneno ya mkulima huleta pia taarifa za hali: ujumbe wako umetumwa, umefika, umesomwa. Anayejifunza huandika chatiboti inayojibu kila kinachoingia, nayo huanza kuzijibu tiki zake yenyewe. Kila jibu linazaa taarifa, kila taarifa inazaa jibu, na mkulima aliyesema "habari" mara moja anakuta simu yake imejaa. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo sikio lolote la mashine linafundishwa ni kutofautisha sauti ya mtu na mwangwi wa mashine yenyewe.

La pili ni kutambua kilichorudiwa. WhatsApp inataka seva iseme upesi kwamba imepokea. Ikichelewa, labda kwa sababu umeme umekatika au seva imezama kwenye hesabu ndefu, ujumbe uleule unatumwa tena, na tena, kwa vipindi vinavyozidi kuachana, hadi kufikia siku 7. Sasa fikiria mkulima wa Dutwa ameandika kwamba anahitaji chupa 3 za dawa. Ujumbe ukiingia mara tatu, daftari la chama linasoma chupa 9, na siku ya mgao ugomvi unaanza ambao hakuna atakayejua chanzo chake. Dawa ya hili ni utaratibu. Kila ujumbe una kitambulisho chake cha pekee. Seva iseme kwanza "nimepokea". Iangalie pili kama kitambulisho hicho kimeshapita. Na tatu ndipo ianze kufikiri. Hatua hizi tatu mkulima hataziona maisha yake yote, nazo ndizo zinazolifanya daftari liaminike.

Mlango ukishatulia, fundi anageukia watu, na hapa ndipo kazi inapokuwa tamu. Watu hawaandiki kama wanavyojaza fomu. Anayetaka msaada ataandika "habari za mchana", atatuma. Kisha "samahani", atatuma. "Nilikuwa nauliza", atatuma. Halafu ndipo linakuja lenyewe: "majani ya pamba yangu yanajikunja afu yananata". Ni jumbe nne zenye wazo moja. Chatiboti yenye pupa itatoa majibu manne, matatu kati yake yakiwa ni "samahani, sijaelewa". Fundi anaifundisha kusubiri. Ujumbe wa kwanza ukiingia, saa ya sekunde chache inaanza kuhesabu. Ukiingia mwingine, hesabu inaanza upya. Mtu akinyamaza kidogo, maneno yote yanaunganishwa na kusomwa kama kauli moja. Ukizidisha kusubiri, mkulima anadhani namba imekufa. Ukipunguza, unamkata kauli. Hakuna kitabu kinachotaja idadi sahihi ya sekunde. Fundi anaipata kwa kuwatazama wanachama wenyewe wanavyoandika, na wazee hawaandiki kwa kasi ya vijana.

Salamu nazo zinataka heshima yake. Pale Bariadi asubuhi mtu anaweza kufungua kwa salamu ya Kisukuma, "mwangaluka", mchana kwa "mwadila", na kijana aliyetumwa na babu yake atasema "shikamoo". Chatiboti inayoitikia salamu kwa kumwaga menyu haina adabu, na mtu hatairudia. Lakini "marahaba" nayo ina shida, kwa sababu mashine haina umri wa kuamkiwa. Jibu lililonipendeza kuliko yote niliyowahi kuyasoma ni lile linaloshukuru kwa salamu, linajitambulisha waziwazi kwamba ni mashine ya chama, kisha linauliza msimu unaendeleaje. Sentensi mbili tu, na ndani yake hakuna udanganyifu wala ukavu.

Kisha yanakuja maandishi yenyewe. Kijana ataandika "bei ya pamba cku hz vp" na kutarajia kueleweka. Msukuma anaweza kuandika "mkurima" kwa "mkulima" na "Baliadi" kwa Bariadi, kwa kuwa l na r kwenye ulimi wake ni majirani wa mlango mmoja. Zipo kanuni za kupima jinsi neno moja linavyotofautiana na jingine. Ile maarufu ilitolewa na mwanahisabati wa Kisovieti Vladimir Levenshtein mwaka 1965, nayo inahesabu herufi ngapi ziongezwe, zifutwe au zibadilishwe ili neno moja liwe jingine. Kwa kipimo hicho "mkurima" liko hatua moja kutoka "mkulima". Fundi wa Simiyu anaenda mbele kidogo: anaiambia kanuni kwamba kubadilisha l kwa r hakuna gharama yoyote. Kwingine uamuzi huo ungeleta vichekesho, kwa kuwa "mahali" na "mahari" yangekuwa kitu kimoja. Lakini kwenye namba ya pamba hakuna anayeulizia mahari.

Huruma hiyo lazima iwe na mpaka, na kujua mpaka uko wapi ndiko kunakomtenga bingwa na mjuzi wa kawaida. Chukua "nimelipa" na "nimelipwa". Tofauti ni herufi moja, ile w ndogo, na ndani yake kuna swali la pesa ziko mfukoni mwa nani. Kanuni inayosamehe herufi moja moja itamwona mkulima anayesema amelipwa kama mtu anayesema amelipa. Vivyo hivyo "nimelipwa", "sijalipwa" na "hatujalipwa" vina mzizi mmoja. Chatiboti inayowinda mzizi tu itampongeza mtu anayelalamika. Kwa hiyo fundi anayeisamehe r anaisimamia w kwa ukali, na anaifundisha mashine isome mwanzo wa kitenzi kabla ya mzizi wake, kwa kuwa Kiswahili hukanushia huko mbele: si-, hatu-, hawa-.

Kamusi nayo yahitaji mkono wa mwenyeji. Pamba ya mkulima hupangwa katika madaraja mawili, safi na fifi, na kila moja huwa na bei yake. Kisahihishi cha maneno kilichotengenezwa mbali hakijawahi kukutana na "fifi", na kwa kujiamini kabisa kinaweza kuligeuza kuwa "fisi". Katika mkoa unaopakana na Serengeti, swali la bei ya fisi lina uzito wake wa aina nyingine. Dawa ni kuiweka orodha ya maneno ya pamba juu ya kamusi ya jumla: fifi, vitumba, chawajani, vidukari, kangambili, marobota, mzani. Orodha hiyo haitoki kwenye intaneti. Inatoka kwa karani wa mzani na kwa wanachama, na fundi asiyekwenda kukaa ghalani hana mahali pa kuipata.

Muda nao una mtego wake. Mkulima akiandika "mniambie kesho saa mbili asubuhi", anamaanisha saa ambayo saa ya simu inaandika 8:00. Seva nyingi huhesabu kwa saa ya dunia, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo kwake hiyo ni 5:00. Na ujumbe wenyewe ulipoingia ulibeba muda kama idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Hesabu tatu za muda mmoja, na zote lazima zikutane mahali pamoja bila mkulima kujua kwamba zilikuwa zimeachana. Fundi mzuri huandika kwenye jibu "saa 2 asubuhi", na neno asubuhi haliachi hata siku moja.

Baada ya kusikia ndipo inakuja zamu ya kusema, na hapa WhatsApp yenyewe inakulazimisha uwe na maneno machache. Vitufe vya kujibia havizidi vitatu katika ujumbe mmoja, na maandishi ya kila kitufe hayazidi herufi 20, nafasi zikihesabiwa. Kwa Kiswahili hiyo ni adhabu. "Ongea na bwana shamba" ina 21. Ukilikata neno mojawapo unaharibu. "Niite bwana shamba" inaingia, lakini mtu anaweza kudhani unaomba cheo. "Ongea na afisa ugani" ina 20 kamili, na juu ya hilo inamhesabu pia bibi shamba. Mtu anaweza kutumia mchana mzima kupata kitufe kimoja kama hicho, na akikipata hakuna atakayempigia makofi. Mwenye jicho la kazi hii ataona.

Upo pia mpaka wa muda wa kusema. Kuanzia ujumbe wa mwisho wa mkulima, chatiboti ina saa 24 za kumwandikia kwa uhuru. Zikipita, inaruhusiwa kutuma violezo tu, ujumbe ulioandikwa na kuidhinishwa kabla, na kwa malipo. Wapo wanaolalamikia sheria hii. Mafundi bora huitii kwa moyo, kwa kuwa inawakumbusha kwamba simu ni ya mkulima na wao ni wageni ndani yake. Kiolezo kimoja cha bei siku ya kufunguliwa mizani kinatosha. Matangazo kumi yanamfundisha mtu kukufungia.

Hadi hapa tumezungumzia wenye simujanja na bando. Nenda minadani, nenda kwenye mashamba ya ndani huko Meatu au Itilima, uone vitochi vilivyo mikononi mwa watu. Chatiboti inayoishia WhatsApp itakuwa imewasikia wachache. Hapa fundi ana mababu wa kujifunza kwao. Mwaka 2012 kampeni ya Wazazi Nipendeni iliwaambia wajawazito wa Tanzania watume neno "mtoto" kwenda 15001, bure, na ujumbe wa kulea mimba ukaanza kuwafikia kwa SMS. Tazama akili iliyo ndani ya neno hilo: ni fupi, kila mtu anaweza kuliandika, hata simu ya vitufe hailipotoshi. Serikali nayo ina menyu yake ya *152*00#, ambapo mtu huchagua kwa tarakimu na tahajia haina nafasi ya kumkosesha.

Kwa hiyo fundi hujenga ubongo mmoja na masikio matatu: WhatsApp, SMS na menyu ya namba. Kwenye menyu ya namba kupitia Africa's Talking, kampuni iliyoanzia Nairobi mwaka 2010, jibu la seva huanza na CON likiendelea au END likifunga, na chaguo zote za mtu hufika zimeunganishwa kwa nyota, kama 1*2*1. Mtandao ukikatika katikati, kikao kinakufa na mkulima anarudishwa mwanzo. Basi fundi hupanga jambo linaloulizwa zaidi liwe chaguo la kwanza, na hulibadilisha kwa msimu: Novemba mbegu, Februari wadudu, Juni bei. Menyu isiyofuata kalenda ya shamba inawatembeza watu bure.

Kwenye SMS kuna jambo moja dogo ambalo kila ninapolikumbuka natabasamu. SMS ya kawaida inabeba herufi 160, na Kiswahili, kwa kuwa hakina alama juu ya herufi, kinafaidi nafasi hiyo yote. Isipokuwa kwenye ng'ombe. Kile kiapostrofi kikiwa kimesimama wima, kipo kwenye alfabeti ya simu na hakuna tatizo. Lakini programu za kuandikia hupenda kukipinda kiwe na mkia, na kiapostrofi chenye mkia hakipo kwenye alfabeti hiyo. Kikiingia kimoja tu, ujumbe mzima unahamishiwa mfumo mwingine na nafasi inashuka hadi herufi 70. Ujumbe wa herufi 150 uliokuwa mmoja unakuwa watatu. Ukiwatumia wanachama 1,000 kutangaza chanjo ya ng'ombe, chama kinalipia 3,000. Katika nchi ya Wasukuma, wenye mifugo yao, wenye kina Ng'wandu na wenye mahali kama Ng'hoboko, kiapostrofi si pambo. Fundi anaweka mstari mmoja wa msimbo unaonyoosha kila kiapostrofi kabla ya kutuma, na mwingine unaomwelewa aliyeandika "ngombe" bila kitu. Mistari miwili, na mweka hazina hatajua kamwe alichookolewa nacho.

Siku hizi mtu atauliza: kwa nini kuhangaika na yote haya wakati zipo modeli kubwa za lugha zinazojua kuzungumza? Swali ni la haki. Mwaka 2023 shirika la Jacaranda Health la Kenya lilitoa UlizaLlama, modeli iliyofunzwa Kiswahili, na modeli za namna hii zinasoma "cku hz vp" bila kuhitaji kamusi. Tatizo ni kwamba zinaweza pia kutunga. Ukiiuliza kipimo cha dawa kwa pampu ya lita 20, inaweza kukupa namba nzuri yenye sauti ya uhakika isiyotoka popote, na namba hiyo ikimwagwa shambani haifutiki. Mafundi makini wamegawa kazi: modeli inasikia, jedwali linajibu. Modeli inaachiwa kutambua kwamba mtu huyu anaongelea vidukari. Kipimo kinatoka kwenye jedwali lililopitishwa na wataalamu, neno kwa neno, bila kuguswa. Ni hesabu ya unyenyekevu: mashine inapewa kile inachokifanya vizuri na kunyimwa kile kinachoweza kuua shamba.

Sauti inabaki kuwa mlima. Wazee wengi hawaandiki. Wanabonyeza kipaza sauti na kueleza, Kisukuma na Kiswahili vikipokezana. Faili la sauti halifiki na ujumbe. Kinafika kitambulisho chake, fundi anakitumia kuomba kiungo cha kulipakulia, na kiungo hicho kinaisha baada ya dakika 5. Kwa hiyo kulipakua ni jambo la kufanywa papo hapo. Na likishapakuliwa, uamuzi wa heshima mara nyingi ni kutoifanya mashine ijidai. Inamwambia mzee kwamba sauti yake imepokewa na afisa ugani ataisikiliza, kisha inaipeleka kweli.

Hapo ndipo tunafika kwenye kilele cha kazi yote, nacho ni kumkabidhi mtu kwa mtu. Jacaranda hiyohiyo ina huduma iitwayo PROMPTS, ambapo akina mama wa Kenya huuliza kwa SMS. Mashine inasoma maswali na kuyatanguliza yale yenye dalili za hatari, ili mhudumu ayafikie kwanza. Fundi wetu wa pamba anafanya vivyo hivyo kwa kiwango cha chama. Mkulima anayesema amemwagikiwa dawa machoni haonyeshwi menyu. Anaambiwa anawe kwa maji mengi na aende zahanati, na simu ya afisa inaita hapohapo. Anayelalamikia malipo anapelekwa kwa katibu pamoja na muhtasari: jina, kijiji, kilo, tarehe ya mzani. Katibu akifungua simu anakuta habari kamili, na mkulima haulizwi tena yale aliyokwisha kuyasema. Wote tumewahi kusimulia shida moja kwenye madirisha matatu. Tunajua uzito wa kutoulizwa mara ya pili.

Muhtasari huo una majina na pesa za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu hata fundi wa chama kidogo. Ila waliobobea walikuwa wakifanya hivyo kabla ya sheria: wanahifadhi kinachohitajika, wanafuta kisichohitajika, na mkulima anaelezwa tangu salamu ya kwanza maneno yake yanakwenda kwa nani.

Kwa kuwa karibu kila kilichoelezwa hapa hakionekani, mafundi hawa hulipwa vibaya. Chama hulipia siku ya kuunganisha na kushangaa fundi anapotaja matunzo ya kila mwezi. Lakini msimu unabadilika, wadudu wapya wanaingia, maneno mapya yanaingia, Meta inabadilisha masharti yake, na sikio lisilotunzwa huziba. Kamati inayotaka kujua kama imempata fundi wa kweli isimuulize namba yake itajibu nini, kwa kuwa kila mtu ana majibu ya kuonyesha. Imuulize itafanya nini isipoelewa. Asiye fundi atasema haitatokea. Fundi ataomba daftari, aandike majina ya watakaopigiwa simu, kwa zamu, na saa za kila mmoja.